Namuna ni Amana: Habari za Nguo katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemsitiri mwanadamu kwa vazi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametuteremshia nguo kwa kazi mbili, kusitiri tupu na kuwa pambo, kisha akatujulisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo lililo bora. Basi nguo si jambo dogo katika dini yetu. Wala si jambo dogo katika tarehe ya pwani yetu ya kusini, tokea Kilwa mpaka Lindi, kwani hapa watu wamesimulia kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo, wamenunua wanadamu wenzao kwa nguo, na damu imemwagika kwa sababu ya pamba. Katika habari hiyo ndefu nataka leo tutazame kitu kimoja ambacho wengi hukipita bila kukiangalia, nacho ni namuna.

Namuna, ambayo wengine huiita sampuli, ni kile kipande kidogo kinachotangulia kazi kubwa. Mfumi hufuma shubiri moja kwanza aone uzi wake unakaa vipi. Mchoraji wa kanga huchora ua moja katika karatasi kabla ya kulieneza nguo nzima. Mfanyabiashara hukata kipande akakipeleka ng'ambo, akasema anataka mzigo mzima kama hicho. Kipande ni kidogo, lakini ndicho kinachosema kwa niaba ya wote. Kikisema kweli, mzigo wote ni wa kweli. Kikisema uwongo, mnunuzi amedhulumiwa kabla hajatoa fedha yake.

KISIWA NA NGUO

Kitabu cha Kiarabu cha tarehe ya Kilwa, kilichotungwa katika karne ya 16, chasimulia jinsi Ali bin al-Hassan, aliyetoka upande wa Shiraz, alivyofika Kilwa akataka kukaa. Mkubwa wa kisiwa, mtu wa bara ambaye hakuwa Mwislamu, alikubali kukiuza kwa sharti la kupewa nguo za rangi kadiri ya kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatolewa, yeye akahamia bara, na mgeni akabaki na kisiwa.

Wanachuoni wa tarehe hubishana juu ya kisa hiki, kipi ndani yake kilitokea na kipi ni masimulizi ya wazee. Walakini hata kama ni masimulizi, yatufundisha jambo. Kisiwa cha Kilwa hukizunguki kwa miguu kwa saa moja, na nguo ya kukizunguka ni maelfu ya doti. Watu waliosimulia hadithi hii walijua thamani ya nguo, na walijua kuwa nguo hupimwa. Kwa vipimo vya wazee wetu, shubiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima. Anayekubali mauzo bila kujua vipimo hivyo amekwisha uza bila kujua anachokiuza.

WASOKOTA UZI WA KILWA

Labda utadhani, ewe msomaji, kuwa nguo za Kilwa zote zilitoka ng'ambo. Sivyo. Katika miaka ya 1960 mchimbuzi wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifukua magofu ya Kilwa Kisiwani, na mwaka 1974 akatoa matokeo yake katika kitabu cha juzuu mbili. Miongoni mwa vitu vilivyotoka ardhini ni vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Kigae cha namna hiyo hutiwa katika kijiti, kijiti kikazungushwa kama pia, na pamba ikasokoteka kuwa uzi.

Tafakari elimu iliyomo katika kigae hicho kimoja. Kikiwa kizito sana, uzi wa pamba, ambao nyuzi zake ni fupi, hukatika. Kikiwa chepesi, uzi hutoka mwembamba. Kikiwa kipana huzunguka taratibu na kwa muda mrefu. Kikiwa chembamba huzunguka upesi, na uzi hukazika. Hakuna kitabu kilichomwandikia msokotaji hesabu hizi. Alizipata kwa kujaribu: huchonga kimoja, akasokota kidogo, akautazama uzi, akachonga kingine. Huko ndiko kufanya namuna. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Kilwa zama za Sultan al-Hassan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Amesimulia kuwa alikuwapo siku ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani na kumwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani hakusema ngoja kesho. Alirejea, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamtolea fakiri zile alizoziomba. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake. Aliyetoa nguo zake hali watu wanamtazama ametuachia namuna ya ukarimu, na sisi tunaisimulia baada ya karibu miaka mia saba.

Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji wa Kilwa na kuuteka nyara. Hata hao, katika maandishi yao, walitaja kuwa kisiwani mna pamba nyingi na nzuri, na kuwa wenyeji wenye hali huvaa nguo mbili za pamba, moja ya kiunoni mpaka miguuni na moja ya mabegani. Na huko Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya mkono wa Kilwa zamani, Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne hiyo habari ya ajabu. Wafumi wa Sofala walikuwa na uzi mweupe wao wenyewe, lakini hawakuwa na rangi. Basi wakanunua nguo za rangi za Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma uzi ule wa rangi pamoja na mweupe wao. Wakapata nguo za rangi nyingi, ambazo si za Cambay tena bali ni za kwao.

Hebu zingatia jambo hili. Watu hawa hawakukaa wakalia kuwa hawana rangi, wala hawakuacha kufuma kwa kuwa nguo ya mgeni ni nzuri zaidi. Waliichukua kazi ya mgeni, wakaifungua wajue imeundwaje, wakachanganya mtande na mshindio kwa akili yao. Hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi mwema: asiukatae ujuzi kwa kuwa ni wa mwingine, wala asiuige pasipo kuufahamu.

NGUO YA NG'AMBO

Katika karne zilizofuata mambo yaligeuka. Kilwa Kivinje, iliyo bara, ikawa soko kubwa la kusini, na Lindi na Mikindani zikapokea misafara ya kutoka ndani. Nguo ziliingia kwa majahazi: vitambi, debwani na sahari kutoka Maskati na Bara Hindi, na kaniki iliyotiwa nili. Baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na merikebu za Salem ilienea mpaka ikabaki na jina la nchi ilikotoka, merikani. Mfumi wa mkono hakuweza kushindana na mashine, na uzi wetu ukaadimika.

Na hapa, ndugu yangu, tuseme kweli ingawa ni chungu. Doti ya merikani ilinunua pembe, na ikanunua watu. Kilwa Kivinje ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara ya watumwa mpaka mkataba wa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipofunga soko la Zanzibar, na hata baada ya hapo biashara hiyo iliendelea kwa siri. Nguo aliyoiteremsha Mwenyezi Mungu kumsitiri mwanadamu ilifanywa kipimo cha thamani ya mwanadamu. Tunaposoma habari za wazee wetu tusiukate ukurasa huo.

LESO SITA ZIKAWA KANGA

Katika nusu ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa pwani walifanya jambo ambalo halikutoka kwa Sultani wala kwa tajiri. Leso, neno litokalo katika Kireno, zilikuwa zikiletwa kwa jora, vitambaa vya mraba vilivyochapwa vikifuatana. Husimuliwa kuwa wanawake walinunua leso sita zisizokatwa, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu. Leso ya kufutia uso ikawa nguo ya kusitiri mwili mzima.

Angalia kilichotokea hapo. Kila leso ilikuwa na ukingo wake pande zote nne, kwa hivyo nguo ya leso sita ilikuwa na mistari ikikatana katikati kama dirisha la nondo. Baadaye waundaji walichora nguo nzima kwa mara moja: ukingo mmoja ukazunguka nje, nao ni pindo, uwanja ukabaki ndani, nao ni mji, na chini kidogo ya mji likawekwa jina, yaani maneno, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, ambaye kanga zake zajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", husemwa kuwa ndiye aliyeieneza desturi ya majina. (Ingefaa akina mama wakumbuke kuwa jina la kanga ni maneno kama maneno mengine, na anayelitumia kumtukana jirani ataulizwa juu yake.)

Basi kanga ilichapwa wapi? Nyingi zilichapwa Ulaya, na mahali pamoja mashuhuri ni Helmond, nchini Uholanzi, katika kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846 ambayo leo yaitwa Vlisco. Wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kizungu waliokuwa Zanzibar na Mombasa walipeleka michoro na vipande, kiwanda kikarudisha namuna zilizochapwa, zikatazamwa, zikasahihishwa, ndipo zikaagizwa kwa maelfu. Na hakimu wa mwisho alikuwa mwanamke wa pwani. Akiipenda nakshi, meli nzima huisha. Akiikataa, mabalo huoza ghalani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

UKUBWA HUIGEUZA NAKSHI

Mtu asiyejua kazi hudhani kuwa namuna ikiwa nzuri, kubwa yake itakuwa nzuri. Mafundi wanajua sivyo. Ua lililopendeza katika karatasi ya shubiri moja, likiwekwa katika mji wa kanga yenye urefu wa mita moja na nusu, huonekana kama nzi aliyetua ukutani. Ukilikuza, nafasi zilizokuwa ndogo baina ya majani huwa viwanja vitupu, na mstari uliokuwa mwembamba huwa kamba. Kwa hivyo fundi hakuzi tu, bali huchora upya: hujaza pale palipofunguka, hupunguza pale palipolemea, kisha huitandika chini na kuitazama kwa mbali, kwani nguo huonwa na mtu anayepita njiani.

Na namna ya kuchapa nayo ina masharti yake. Muhuri wa mbao hugongwa mara kwa mara, na kila rangi ina ubao wake, ikiwa rangi ya pili haikukaa mahali pake ua hupata vivuli viwili. Gurudumu la shaba huchapa upesi, lakini nakshi hurudia kila linapozunguka mara moja, jambo ambalo ni gumu kwa nguo yenye pindo pande zote nne. Fremu yenye wavu huweza kubeba nakshi kubwa, lakini mstari mwembamba sana huvuja. Kwa sababu hizo namuna haijaribu sura peke yake. Hujaribu ukubwa, hujaribu njia, na hujaribu rangi, kwa kufuliwa na kuanikwa juani.

Wala elimu hii si ya viwandani tu. Mtazame mama anayesuka ukili wa mkeka. Kabla ya kukata ukindu wa mkeka mzima husuka kipande kifupi, akahesabu miyaa, akaona rangi inavyopishana, kwani akishakosea katika ukili mwembamba, kosa litazunguka mkeka wote utakaposhonwa. Na mshona kofia hali kadhalika hujaribu kito kimoja kabla ya kuizungusha kofia.

PAMBA NA DAMU

Sasa turejee Kilwa. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliamrisha vijiji vya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa majumbe na maakida. Watu waliacha mashamba yao ya chakula wakalima pamba kwa viboko na kwa malipo duni. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani, Waislamu kama sisi. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilienea hadi Liwale, bara ya Lindi na mbali zaidi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza chakula iliua watu wengi kuliko risasi.

Nchi iliyosokota uzi wake na kuvaa nguo yake ililazimishwa kulima pamba isiyoivaa. Pamba ilitoka kwa lazima, na nguo ilirudi kwa bei. Baada ya uhuru serikali ilitaka kuondoa jambo hilo, na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, vingine vikafuata, na kanga zikachapwa nyumbani. Vingi vilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, mitumba ikajaa masokoni, na mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla haijafumwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

FIQHI YA NAMUNA

Dini yetu haikuacha jambo hili bila hukumu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kisomwacho mpaka leo katika madarasa yetu ya Kishafii, kuwa kuona sehemu ya kitu kinachouzwa kwatosha iwapo sehemu hiyo yajulisha hali ya iliyobaki, kama kuona juu ya rundo la ngano, au kuona namuna ya vitu vinavyofanana. Wafafanuzi wa kitabu hicho wakazidi kutueleza kuwa nguo iliyokunjwa sharti ikunjuliwe, na yenye nakshi ambayo nyuso zake mbili zatofautiana itazamwe pande zote mbili. Tazama udhati wa dini hii! Wanachuoni waliokaa na vitabu walijua kuwa nguo ina uso na mgongo, na kuwa hila huweza kufichwa ndani ya mkunjo.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakutana na maji. Muuzaji akasema kuwa mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke iliyorowa juu watu waione, na akatahadharisha kuwa anayeghushi si katika sisi. Rundo lile lilikuwa limegeuzwa namuna ya uwongo: juu kavu, chini maji.

Na Imamu Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, imesimuliwa kuwa alimpa mshirika wake mzigo akamwambia kuwa nguo moja ina kasoro, amjulishe mnunuzi. Mshirika akauza akasahau. Imamu alipojua, na mnunuzi hajulikani, aliitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Hakuitoa ya nguo moja tu, kwa sababu ile moja ilikuwa imetiwa katika nyingine kwa jina la uzima.

NANI AMESHIKA NAMUNA?

Ndugu msomaji, haya yote yana fundisho moja kwetu. Namuna ni amana kwa mnunuzi, na pia ni amana kwa watoto. Vitabu vya namuna za kanga walizozichagua bibi zetu vimehifadhiwa Uholanzi, kipande baada ya kipande. Mchoraji wa huko akitaka kujua nini kilipendwa pwani zaidi ya miaka mia iliyopita, hufungua kitabu. Binti wa Kilwa au wa Lindi akitaka kujua hayo, ataifungua wapi? Kisutu cha nyanya yake, chekundu, cheupe na cheusi, kimekwisha kuwa mbeleko, kisha kitambaa cha kupangusia sufuria. Aliyeshika namuna ndiye aliyeshika kazi. Sisi tulichagua, wao wakaweka.

Basi nawausia mambo matatu. La kwanza, katika kila nyumba iwekwe kanga moja ya zamani, kikoi kimoja, kofia moja na kipande cha ukili, pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe na mwaka. Hili halina gharama. La pili, tuwafundishe watoto wetu kujaribu. Mtoto anayeharibu shubiri moja ya ukili hakuharibu mkeka, bali ameununua mkeka ujao kwa bei ndogo. Asikemewe, aambiwe asuke tena. La tatu, kila mwenye duka na kila fundi ahakikishe kuwa kile anachokionyesha ndicho anachokiuza, kwa rangi yake, kwa kipimo chake, na kwa kasoro yake. Suratul Mutaffifin yawatosha wanaopunja vipimo.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la nguo tu. Jirani asiye Mwislamu hasomi Minhaj, wala hajui maimamu wetu. Anachokiona ni mimi na wewe: muamala wetu, ulimi wetu, kipimo chetu dukani. Kwake yeye sisi ndio namuna ya Uislamu, na kwa kipande hicho atauhukumu mzigo wote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, atuvike vazi la ucha Mungu, na ajaalie dhahiri yetu ifanane na batini yetu. Wabillahi tawfiq.